Mama amesomewa, amekunywa kombe, lakini daktari wa akili hamtaki. Je, Wabajuni tunakataa msaada?

Swali: Shikamoo. Mimi ni binti wa Kibajuni, kwetu Kizingitini, sasa tunakaa Malindi. Mwaka juzi wakati wa upepo wa kusi ndugu yangu alikwenda kuvua, na hadi leo hakikuonekana chombo wala mwili. Tangu hapo mama hali vizuri, usiku yu macho, kifua kinambana, na kila jioni humpakulia ndugu yangu sahani yake akaiweka kando. Amepimwa moyo na presha, hakuna kilichoonekana. Amesomewa, amekunywa kombe la maji yaliyooshewa aya, amepelekwa kwa mganga. Niliposema twende kwa daktari wa akili, alinijibu, "Mimi si mwenda wazimu." Mjomba akanikemea kwamba ukoo wetu hauna wazimu. Na daktari mmoja nilipomweleza akasema nyinyi watu wa visiwani ndivyo mlivyo, mnaamini majini, hospitali hamtaki. Ni kweli? Na mama nimfikishe vipi?

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole ya ndugu yako. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, na nimekulia katika nyumba ambazo kusi likichafuka watu hawasemi kitu, wanasikiliza mlango. Kazi yangu ni uuguzi wa magonjwa ya akili. Nimeifanya Lamu na nimeifanya Malindi, na barua kama yako nimeisikia kwa midomo ya watu wengi kabla hujaiandika.

Naanza na yule daktari, maana naona neno lake ndilo lililokuchoma. Hebu tuhesabu pamoja. Mama yako amekwenda kupimwa moyo. Amekwenda kupimwa presha. Amekaa mbele ya mwalimu akasomewa. Amekunywa kombe. Amepelekwa kwa mganga. Hiyo ni milango mitano katika muda usiofika hata miaka mitatu, na kila mlango una nauli yake na sadaka yake. Huyu simwiti mtu aliyekataa msaada. Ametafuta msaada mpaka amechoka, na katika barua yako sioni mahali popote ambapo mtu alimkalisha akamuuliza: mwanao alikuwa mtu wa namna gani?

Chuoni nilifundishwa kwamba jamii ndogo hazifiki kliniki za akili kwa sababu tatu: imani za pepo, aibu, na kukosa elimu. Nililiamini somo hilo miaka mingi. Lililonitoa humo ni asubuhi moja katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi zamani. Kliniki yetu ilikuwa chumba cha mwisho, jirani na stoo. Alikuja mama wa Kiorma na binti yake, wametoka mbali, wamelala njiani. Karani alipoiona kadi yao akapaza sauti: "Wa wazimu, foleni ile kule!" Ukumbi mzima uligeuka. Mimi nilikuwa ndani naandika, nikasikia, nikamalizia mstari wangu kwanza ndipo nikainuka. Kufika mlangoni wameshaondoka. Nilikwenda mpaka stendi, sikuwaona, na sikuwaona tena. Kwenye daftari, mbele ya jina la yule binti, tuliandika: hakuhudhuria.

Daftari hilo likisomwa leo na mtu wa takwimu, ataandika kwamba Waorma hawahudhurii kliniki. Na hatakuwa amesema uongo.

Tangu siku ile kila ninaposoma habari za jamii ndogo na magonjwa ya akili natafuta kitu kimoja: waliulizwa kabla hawajaonja huduma, au baada? Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha kazi iliyowalinganisha Wamarekani weusi na weupe. Waliuliza: ukipata shida kubwa ya moyoni utakwenda kwa mtaalamu? Utaona haya rafiki zako wakijua? Miongoni mwa watu ambao hawajawahi kutibiwa, weusi walikuwa radhi kwenda sawa na weupe, na pengine kuwazidi. Tofauti ilikuja kwa waliokwisha kutibiwa. Hapo weusi ndio waliokuwa na hamu ndogo ya kurudi. Walikwenda na nia njema, wakarudi bila hiyo nia. Na huko Uingereza, takwimu za serikali zinaonyesha kwamba mtu mweusi huzuiliwa hospitalini kwa sheria ya afya ya akili zaidi ya mara tatu ya mtu mweupe. Kijana akishaona baba yake amechukuliwa na polisi na kupelekwa wodini, hatakwenda mwenyewe mapema siku usingizi unapomkimbia. Atangoja, na kwa kungoja atafika akiwa amezidiwa, achukuliwe vilevile kama baba yake.

Sisi tuna kumbukumbu zetu. Hospitali ya akili ya Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka 1910, wakati wa ukoloni, kama nyumba ya kufungia wenda wazimu, na kwa miongo mingi mtu wa pwani aliyezidiwa alipakiwa akapelekwa huko, siku nzima na zaidi ya safari, asikojua mtu na asikosikia lugha ya kwao. Jina lenyewe likageuka kuwa tusi nchi nzima. Siku hizi kuna wodi ya akili Port Reitz, Mombasa, na Malindi hospitalini kuna watu wa fani yetu. Lakini kutoka Kizingitini mtu ashike boti hadi Lamu, avuke hadi Mokowe, kisha basi mpaka Mombasa. Na kama mgonjwa mwenyewe hajalala siku tatu, nani atamshika ndani ya boti?

Kisha kuna hofu ambayo watu wa bara hawaielewi mpaka uwaeleze polepole, nayo ni hofu ya kuandikwa. Wabajuni na Wasomali wa pwani kwa miaka mingi wamesimamishwa mbele ya kamati za kuhakikiwa kabla ya kupewa kitambulisho: babu yako nani, amezikwa wapi, nani anakujua. Mtu aliyeulizwa hivyo ili aaminiwe kuwa ni Mkenya halipokei kwa furaha faili jipya lenye jina lake. Baada ya mashambulio ya Mpeketoni, Juni 2014, Lamu iliwekewa amri ya kutotoka usiku na uvuvi wa usiku ukazuiwa. Septemba 2015 ikaanza operesheni ya kijeshi ya Linda Boni, katika msitu wa Boni. Waaweer, ndio Waboni, wa Basuba, Mangai na Milimani, watu ambao msitu ndio uliokuwa ghala lao la asali na dawa, waliambiwa wasiingie msituni, na zahanati za vijiji vyao zikakaa zimefungwa muda mrefu kwa sababu ya usalama. Mkono wa serikali waliouona kwa karibu zaidi ulikuwa umeshika bunduki. Ukimwendea mzee wa Kiaweer ukamwambia serikali hiyohiyo sasa inataka kujua ana mawazo gani usiku, usishangae akikujibu kwamba analala vizuri.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Hakuna kabila lenye damu ya kukataa daktari. Tunachokiita mtazamo wa jamii mara nyingi ni kumbukumbu ya mtu mmoja aliyekwenda, akatendewa lililomtendekea, akarudi akasimulia barazani. Katika jamii kubwa simulizi hilo humezwa na mengine. Kwetu, ambapo watu wa kijiji kizima ni binamu, simulizi moja linatosha vizazi viwili.

Sasa mjomba wako. Usimwone mjinga. Katika mji mdogo jambo la mtu mmoja ni jambo la ukoo, na ukoo una mabinti wa kuozwa. Mposaji akija, wazee wake watauliza: hapo nyumbani hapana wazimu? Hapana kifafa? Hilo ndilo mjomba analolisikia ukitaja daktari wa akili. Anakulinda wewe, mwanangu, na huenda hajui kukwambia. Ukimjibu kwa hasira za haki atajifunga zaidi. Nitarudi kwake hapo chini, maana nina kazi ya kumpa.

Na mama alipokwambia "mimi si mwenda wazimu", alisema kweli. Neno wazimu kwetu ni la yule anayetembea uchi sokoni. Mama yako anajua yeye si huyo. Ukimwambia aende kwa daktari wa akili unamwambia, kwa lugha aliyokulia nayo, kwamba mwanawe wa kumzaa sasa anamwona ni yule wa sokoni. Kwa ugonjwa huu wa huzuni Watanzania wana neno sonona, vitabu vyetu huandika unyogovu au mfadhaiko; wallahi sijamsikia mama wa Kibajuni hata mmoja aliyeniingilia mlangoni akasema ana mojawapo. Husema moyo mzito. Husema roho imenikaa juu. Sina raha. Kifua kinanibana. Mawazo. Hayo yote ni maneno kamili ya ugonjwa, na mhudumu asiyeyajua ndiye mwenye upungufu.

Huko Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alilikuta jambo hilihili. Washona wanalo neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, na ukimtafsiria mtu wa Malindi atakwambia palepale: mawazo. Mwaka 2006 Chibanda alianza na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu atafute njia ya tatizo moja kwa wakati mmoja, wakiwa wamekaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Hawakutumia istilahi za kizungu, walitumia kufungisisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 573 katika kliniki 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na akina bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mimi nikiisoma habari hiyo huona baraza zetu za Langoni na Mkomani. Benchi la mawe tunalo tayari, kila nyumba.

Lakini mama yako ana jambo zaidi ya mawazo, na hapa naomba unisome taratibu.

Msiba wetu una ngazi zake. Maiti huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, huzikwa, watu hukaa matanga, huja siku ya tatu. Kila ngazi humshusha mfiwa kidogo. Mama yako hakupewa hata ngazi moja. Huenda mliswali sala ya ghaibu, huenda wazee walisema tungoje. Sheria ya Kenya nayo humhesabu mtu kuwa amekufa akiwa hakusikika miaka saba. Basi kwa dini kuna lililosemwa, kwa serikali bado, na kwa mama kila boti inayotia nanga huenda ikawa ndiyo. Pauline Boss, mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, alianza katika miaka ya 1970 kuandika juu ya msiba wa namna hii, akiwafuatilia jamaa za marubani wa kijeshi waliopotea Vietnam. Aliona kwamba watu hawa si wagonjwa kwa sababu ni dhaifu. Wameshikwa kati, hawawezi kulia wakamaliza na hawawezi kungoja kwa furaha. Hakuwataka wasahau. Alitaka wasaidiwe kuishi na mambo mawili kwa pamoja: kwamba huenda hayupo, na kwamba wao bado wapo.

Ukiniuliza mimi, aliyemwelewa mama yako kabla ya wataalamu wote ni Nabii Yaakub. Naye alipotelewa na mwana bila maiti. Aliletewa kanzu yenye damu ya uongo. Alisema subira ni njema, na pamoja na subira hiyo alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Wanawe walimchoka, wakamwambia hutaacha kumkumbuka Yusuf mpaka udhoofike au uangamie. Akawajibu kwamba huzuni yake anaishitakia kwa Mwenyezi Mungu. Kila mtu akimwambia mama yako "subiri, kulia sana ni kukosa imani", mkumbushe Surat Yusuf. Nabii aliyelia hadi akapoteza macho hakuhesabiwa kwamba hana subira.

Kuhusu kisomo na kombe, sitakwambia mwache. Nimeona wauguzi vijana wakimlazimisha mgonjwa achague, tembe au mwalimu, na mgonjwa siku zote humchagua mwalimu, kwa sababu mwalimu alikuwepo kwenye harusi yake na atakuwepo kwenye mazishi yake. Maji ya zafarani yaliyooshewa aya hayagombani na dawa ya hospitali. Kisomo kilimpa mama yako watu wa kukaa naye usiku. Ngoma za pepo za zamani nazo zilikuwa na hilo ndani yake, kwamba mtu anayeumia hakuachwa peke yake. Shida ni kwamba siku saba zikiisha watu hutawanyika, na yeye hubaki na sahani yake. Mtume mwenyewe ametuamuru tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, na Bi Aisha alikuwa akiwapikia wafiwa talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa aliusikia kwa Mtume kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Mama asiyekula, mwanzie hapo kama shayiri inapatikana. Isipopatikana, uji anaoupenda.

Nina mipaka mitatu tu, na kwenye hiyo silegezi. Mtu asipigwe ili jini litoke. Mtu asifungwe mnyororo. Na mtu asiambiwe aache dawa aliyoandikiwa. Mwalimu au mganga akivuka mmojawapo, mwondoeni mgonjwa siku hiyohiyo, hata kama mzee huyo ni wa ukoo.

Namna ya kumfikisha. Usimwambie mama kwamba mnakwenda kwa daktari wa akili, na usimwambie uongo vilevile. Uongo wa "twende sokoni" kisha ajikute kliniki humfunga mtu miaka kumi. Mwambie kweli kwa maneno yake: mama, kifua kinakubana na usingizi huna, moyo umepimwa uko salama, basi yuko mtu anayetibu usingizi na mawazo ya msiba, twende tukamsikilize mara moja, usipompenda haturudi. Na hilo la mwisho litimize.

Mwende wagonjwa wa nje kama siku zote. Hakuna atakayegeuka kumtazama. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilieleza mwaka 2011 kwamba hadi robo ya wagonjwa wa nje katika vituo vyetu vya afya inakadiriwa wana shida ya akili ya namna moja au nyingine. Wengi huingia kwa kulalamika kifua, kichwa au tumbo. Mama yako atakuwa na wenzake wengi kwenye lile benchi, bila wao kujuana. Muulize klinikali ofisa kwa upole kama yupo muuguzi au daktari wa afya ya akili siku hiyo. Kabla ya kuondoka nyumbani andika kwenye karatasi: usingizi saa ngapi, chakula mara ngapi, amepungua kiasi gani, dawa gani anazotumia pamoja na za mitishamba, na tarehe ndugu yako aliyoondoka. Hiyo tarehe iweke juu kabisa. Karatasi hizi zimeniokolea mengi, kwa kuwa mgonjwa mbele ya koti jeupe husema kifua tu.

Mhudumu mzuri ataagiza pia damu, sukari na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi sawa huiga huzuni. Akishaona ni unyogovu, yaani hali ya kukosa raha, usingizi, hamu ya chakula na nguvu iliyodumu majuma mawili na zaidi hadi kumzuia mtu kuishi, huenda akapendekeza mazungumzo peke yake au pamoja na dawa. Za kawaida kwetu ni fluoksetini na amitriptilini. Niseme wazi mambo ambayo huwa hayasemwi dirishani. Dawa hizi hazimfanyi mtu teja. Hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua majuma mawili hadi manne kuanza kuonekana, na wengi huacha siku ya nane wakisema hazifai. Akipata nafuu asiziache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea angalau miezi sita baada ya nafuu, kisha kupunguza polepole kwa maelekezo. Fluoksetini hunywewa mara moja kwa siku, kwa hiyo Ramadhani ataimeza wakati wa daku na saumu yake itakuwa salama. Amitriptilini ni ya usiku. Amitriptilini kwa mtu mzima wa makamo inataka tahadhari ya moyo, basi onyesha majibu ya vile vipimo vya moyo mlivyofanya. Hazikupotea bure pesa zile.

Liko swali moja ambalo lazima umuulize mama wewe mwenyewe, kabla ya hospitali, mkiwa wawili tu: mama, umewahi kutamani usiamke? Watu wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia mtu wazo. Hakumtii. Kama wazo lipo, swali humpa mahali pa kuliweka. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za sumu na vidonge vilivyolundikana nyumbani, na mwende hospitali siku hiyo. Usiku, pigeni 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Zamani familia zilikuwa zikificha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba. Na Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inampa mgonjwa haki ya kushirikishwa katika matibabu yake na ya siri zake kutunzwa. Ukiona muuguzi ni jirani yenu wa Malindi na mama anaona haya, omba mwingine. Si utovu wa adabu. Mimi nikiombwa hivyo huondoka bila kinyongo.

Mjomba mpe kazi. Usimwombe ruhusa, muombe aje. Mwambie: mjomba, dada yako halali, kifua kinambana, wanataka mtu mzima wa ukoo awepo kusikia anayoambiwa, mimi ni mtoto sitaelewa yote. Mwanamume wa Kibajuni aliyeombwa kumsindikiza dada yake hospitali kwa ajili ya kifua hakatai. Akishakaa mle ndani akasikia dada yake anaulizwa habari za mpwa wake aliyepotea, nadhani yeye mwenyewe atahitaji kitambaa. Na baadaye watu wakiuliza, yeye ndiye atakayejibu, "Tulikwenda kwa ajili ya usingizi," nao watanyamaza kwa kuwa ni yeye aliyesema.

Kama atakayewaona ni yule daktari wa maneno yale, una njia mbili. Omba mwingine. Au, ukiwa na moyo, mwambie kwa heshima: daktari, mama yangu amekwenda mahali patano kabla ya hapa, hapa ni pa sita, naomba pawe pa mwisho. Mimi ningependa uyaseme hayo, kwa ajili ya Mbajuni atakayekuja nyuma yako, ila mzigo huo si wako. Wako ni mama.

Mara ya kwanza mkienda, mama akakaa akanyamaza, msivunjike moyo. Wengi kwangu hunyamaza mara mbili. Mara ya tatu husema jina la aliyeondoka.

Na ile sahani ya jioni, mwanangu, watu watawaambia muiondoe. Msiiondoe ninyi. Muguse mama bega, kaeni naye wakati anapakua, na mumwombe awasimulie ndugu yenu alikuwa akipenda kula nini.